Kikombe kisicho na jina: adrenalini, moyo na kimya chetu

Shemeji yangu anaishi Burumba, mjini Busia, huu mwaka wa 12. Aliondoka Mombasa akifuata kazi ya uwakala wa forodha. Mzigo ukishatoka Kilindini, yeye ndiye anayeungoja Busia au Malaba, akimbizane na makaratasi mpaka lori livuke upande wa Uganda. Ni kazi ya usiku na mchana, ya vumbi na moshi wa dizeli, na ya kungoja sana. Miaka 4 iliyopita pua yake ilianza kuziba. Kichwa kikawa kizito, macho yakamuuma, akafika hali ya kutosikia hata harufu ya pilau. Daktari alimwambia ana nyama za pua na uvimbe wa sainasi, yaani vile vyumba vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, na kwamba dawa yake sasa ni upasuaji wa kamera unaopitia puani, bila kukata uso.

Machoni pa watu huo si upasuaji mkubwa. Mgonjwa huingia asubuhi, na mara nyingi hurudi kwake siku hiyo hiyo au ya pili. Yeye alitoka hospitali siku ya 11. Dakika chache baada ya kazi kuanza, presha yake ilipanda hadi 240 kwa 130, kisha mapigo ya moyo yakapungua ghafla, na mapafu yakajaa maji. Alilala chumba cha wagonjwa mahututi siku 5, na 2 za mwanzo mashine ndiyo iliyompumulia. Alhamdulillahi, yu hai na amerudi kazini. Lakini tuliokaa kwenye viti vya nje siku ile tulisikia neno ambalo wengi wetu hatukuwa tukilijua: adrenalini.

Sitaitaja hospitali wala mji wake. Si kwa woga. Sina ushahidi wa kumhukumu mtu, na jambo lenyewe ni pana kuliko jengo moja. Ninaandika kwa sababu upasuaji wa pua na sainasi unafanyika pia huku kwetu Pwani, na kwa sababu katika yaliyompata shemeji, sisi watu wa nyumbani tulikuwa na sehemu yetu. Nitafika huko.

Tuanze na dawa yenyewe. Adrenalini, ambayo wengine huiita epinefrini, ni kitu ambacho mwili unakitengeneza wenyewe katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ukishtuliwa na honi ya lori nyuma yako, ule moyo kwenda mbio na mwili kusisimka ni kazi yake. Mkemia wa Kijapani, Jokichi Takamine, aliichuja ikiwa safi huko Marekani mwaka 1901, na tangu hapo madaktari wameitegemea kwa mengi. Mtu akiumwa na nyuki koo likaanza kufunga, adrenalini ndiyo inayomwokoa. Moyo ukisimama, miligramu 1 hupigwa kwenye mshipa ili kujaribu kuuamsha. Kwa hiyo hatuzungumzii sumu. Tunazungumzia moja ya dawa zilizookoa watu wengi mno.

Puani ina kazi nyingine. Pua imejaa mishipa ya damu, na kamera ya upasuaji ni nyembamba kama kalamu. Tone moja la damu likifunika kioo, daktari haoni kitu, naye yuko karibu na jicho upande mmoja na ubongo upande wa juu. Adrenalini hukaza mishipa, damu ikapungua, njia ikaonekana. Bila dawa hiyo upasuaji wenyewe ungekuwa wa hatari zaidi. Huitumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulowesha vipande vya pamba katika adrenalini kali na kuvipachika puani kwa dakika kadhaa. Ya pili ni kuchoma sindano ndani ya nyama ya pua, kwa adrenalini iliyozimuliwa sana na kuchanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Adrenalini ya pamba mara nyingi ni ile inayoandikwa 1 kwa 1,000. Maana yake, mililita 1 ina miligramu 1 nzima. Adrenalini ya sindano huandikwa 1 kwa 100,000, au 1 kwa 200,000. Katika ile ya 1 kwa 100,000, mililita 1 ina sehemu moja tu ya 100 ya miligramu. Zote mbili ni maji meupe yasiyo na harufu. Zikishamiminwa kwenye vikombe viwili vya chuma juu ya meza ya upasuaji, hakuna jicho la binadamu linaloweza kuzitofautisha. Mkono ukivuta sindano kutoka kikombe kisicho chake, mgonjwa anapata mara 100 ya alichokusudiwa. Mililita 1 tu ya ile ya pamba ina kipimo kizima kinachotolewa kwa moyo uliosimama, na hapa inaingia kwa mtu ambaye moyo wake unapiga vizuri.

Jambo hili limeshatokea, na ukweli wake ukawekwa hadharani. Desemba 1995, katika mji wa Stuart, jimbo la Florida, Marekani, mtoto wa kiume wa miaka 7 aliingizwa kufanyiwa upasuaji wa sikio. Alipochomwa ile sindano ya ganzi, mapigo na presha vikapanda mno, na moyo ukasimama. Alifariki. Hospitali haikuficha. Ilipeleka mabomba ya sindano maabara, na majibu yakaonyesha kwamba ndani mlikuwa na adrenalini kali ya kupaka, si mchanganyiko wa ganzi. Vikombe vya mezani havikuwa na majina. Viongozi wa hospitali waliwaambia wazazi ukweli wenyewe, na kisa hicho hadi leo hufundishwa kwa wauguzi na madaktari. Baadaye Marekani iliweka sharti kwamba kila dawa iliyoko juu ya meza ya upasuaji iandikwe jina na nguvu yake. Tena tangu Mei 2016 chupa za adrenalini pekee nchini humo haziandikwi tena kwa mtindo wa 1 kwa 1,000. Zinaandikwa miligramu kwa mililita, kwa kuwa zile sufuri nyingi zilikuwa zikiwachanganya hata wataalamu.

Lakini kikombe kubadilishana si njia pekee ya kuharibika kwa mambo. Hata kipimo sahihi kinaweza kuingia kwenye damu haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu ngozi ya ndani ya pua hunywa dawa upesi, na iliyochubuliwa hunywa zaidi. Sindano ikiingia kwenye mshipa badala ya nyama, nayo ni hivyo hivyo. Hapo presha hupanda, moyo hupiga ovyo, mapafu yanaweza kujaa maji.

Kuna na hali moja ambayo msomaji wa Pwani ataielewa kwa jina lake. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliieleza aina ya moyo kulegea ghafla baada ya mshtuko mkubwa wa kemikali za mwili, ncha ya moyo ikavimba huku shingo yake ikibaki nyembamba. Wakaiita takotsubo, jina la chungu ambacho wavuvi wao humtegea pweza. Sisi pweza tunamsaka miambani maji yakitoka, tukiwa na mkuki au chuma. Wao humshushia chungu chini ya bahari, mwenyewe akaingia akidhani amepata nyumba. Moyo ukipata adrenalini nyingi unaweza kuchukua umbo la chungu hicho, na visa vya namna hiyo vimeandikwa katika majarida ya tiba baada ya upasuaji wa pua. Wengi hupona baada ya siku au wiki kadhaa, lakini si wote.

Sasa nani yuko hatarini zaidi? Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulizwa. Mwenye tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi. Anayetumia baadhi ya dawa za msongo, kama amitriptilini. Anayelazwa kwa halotheni, gesi ya usingizi ya zamani ambayo imetumika sana katika hospitali za Afrika kwa kuwa ni rahisi, na ambayo huufanya moyo uwe mwepesi wa kukurupuka ukiguswa na adrenalini. Na anayemeza propranololi, vile vidonge vinavyotolewa kwa presha na kwa moyo kwenda mbio. Adrenalini ina mikono miwili: mmoja hukaza mishipa, mwingine hulegeza baadhi yake na kuharakisha moyo. Propranololi huufunga mkono wa pili. Unabaki ule wa kukaza peke yake. Presha inaruka, na mwili ukijaribu kujitetea, moyo unapunguza mwendo kupita kiasi.

Soma tena yaliyompata shemeji: presha 240, kisha mapigo kupungua ghafla, kisha maji mapafuni.

Shemeji alikuwa akimeza propranololi. Alipewa katika zahanati moja upande wa pili wa mpaka, Busia ya Uganda, alipokwenda kulalamika kwamba moyo unamwenda mbio usiku. Kwa mtu wa Burumba hilo si safari. Unavuka asubuhi kununua ndizi, unavuka jioni kusalimia. Watu wa mpakani hutibiwa walipo karibu, penye nafuu, au penye daktari aliyesifiwa na jirani. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa hapo Busia, baiskeli zikibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Mtu huvuka, mzigo huvuka, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Februari 2018, hata karatasi za forodha huvuka kwa wepesi zaidi. Kitu kimoja hakivuki: faili la mgonjwa. Cheti cha propranololi kilibaki kwenye daftari la shule la kurasa 32 ambalo zahanati ilimwandikia, na daftari lilibaki kwenye droo ya kabati Burumba. Matone ya kuzibua pua aliyoyanunua kwa zaidi ya mwaka kwenye duka la dawa la upande wa Kenya hayakuandikwa popote. Hata hayo matone, ya aina ya oksimetazolini na ndugu zake, ni ya ukoo wa dawa za kukaza mishipa, na ukiyazoea huizibisha pua zaidi.

Na kulikuwa na la tatu. Hili linaniuma zaidi kwa sababu nilikuwepo.

Siku ya kuamkia upasuaji, kijana wa nusukaputi alikuja na karatasi yake akauliza maswali kwa adabu. Una ugonjwa wa moyo? Una pumu? Unatumia dawa zozote? Unavuta sigara, unakunywa pombe, unakula miraa au muguka? Mama yangu, ambaye ndiye mama mkwe wake, alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda na tasbihi yake, ametoka Mombasa kwa basi kuja kumuuguza. Shemeji alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema: "Hapana, situmii kitu."

Mimi nilijua. Kila nikienda Burumba tunakaa pamoja nje ya nyumba yake usiku, yeye na kifuko chake, akingoja simu ya dereva. Wanaongoja malori usiku mpakani wengi hutafuna, na upande wa Uganda huiita mairungi. Nilinyamaza. Nilijiambia ni stara, mtu haumbuliwi mbele ya mkwewe. Nilijiambia pia kwamba miraa ina uhusiano gani na pua? Uhusiano upo. Katinoni, kemikali iliyomo ndani ya majani yale, husukuma mwili kutoa kemikali zake za kusisimua na kupandisha presha na mapigo. Mtu aliyetafuna usiku akafika mezani asubuhi ameshaanza safari kabla ya dawa ya daktari kuingia.

Huku kwetu muguka tumeijadili kwa sauti kubwa. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, aliipiga marufuku, Kilifi ikafuata, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo, na misikitini na mabarazani tukagawanyika. Tulizungumza vijana kuharibika, ndoa kuvunjika na ushuru. Sikumsikia mtu akisema: ukienda kupasuliwa, sema kwamba unatafuna. Aibu tuliyoijenga juu ya jambo hilo, hata ikiwa ina sababu zake, ndiyo iliyomfunga mdomo shemeji, na mimi pamoja naye.

Kwa hiyo nikiulizwa kilichouangusha moyo wake, sina jibu moja. Huenda ni vidonge alivyovificha bila kukusudia, kwa kudhani dawa ya ng'ambo haihesabiki. Huenda miraa iliongeza. Au huenda ni kikombe. Tulipoomba kuona maandishi ya upasuaji, tulikuta mstari mmoja uliotushtua: adrenalini, ml 5. Basi. Mililita 5 za nini? Za 1 kwa 1,000 ni miligramu 5. Za 1 kwa 100,000 ni sehemu moja ya 20 ya miligramu. Za kwenye pamba au za sindano? Mstari haukusema. Namba moja iliyokosekana ndiyo inayotenganisha dawa na ajali, na hakuna aliyeiandika.

Nyumbani rai zilikuwa tatu. Mjomba alisema ni kadari, tushukuru mtu amepona, tusiwachafulie watu riziki. Vijana walitaka wakili na kamera. Khalati alihisi husda, kwa kuwa shemeji alikuwa ametoka kununua pikipiki mpya. Dada yangu, mke wa mgonjwa, hakushika hata moja. Alisema: "Mimi nataka kukaa nao mezani, waniambie." Akaandika barua, akaomba kikao. Nilimsindikiza.

Nitakuwa mwadilifu: walitupokea. Daktari mkubwa alieleza hatari za adrenalini kwa Kiswahili kinachoeleweka, akakiri kwamba vikombe vyao havikuwa vikiandikwa. Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji alisema kila mtu anajua cha kushoto ndicho cha pamba. Dada akamuuliza kwa upole: "Na akija mgeni kushika zamu yako?" Hakujibu, naye si mtu mbaya. Alikuwa anafanya kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Daktari aliahidi kwamba kuanzia wiki ile kila kikombe kitabandikwa jina na nguvu. Naye alituuliza swali lake: kwa nini hatukusema habari ya propranololi? Ilikuwa zamu yetu kutazama chini.

Sheria inasemaje? Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa. Tena kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Sasa niambie, ndugu msomaji, fomu ya idhini uliyotia sahihi mara ya mwisho ilikuwa kwa lugha gani? Ya shemeji ilikuwa kurasa 2 za Kiingereza, na aliisaini akiwa ameshavaa gauni la upasuaji. Mwenye malalamiko huyapeleka kwa maandishi kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Uganda nayo ina baraza lake. Aliyetibiwa pande zote mbili, kama wengi wa Burumba na Malaba, hubaki katikati.

Najua hoja za madaktari, na nyingi ni za haki. Wanasema ukimweleza mgonjwa kila hatari atakimbia, arudi kwa mganga wa kienyeji. Wanasema wako wachache, na kwamba katika hospitali nyingi za kaunti anayelaza na kuamsha wagonjwa ni afisa wa kliniki mmoja anayebeba zamu za watu watatu. Wanasema adrenalini inatumika kila siku na wagonjwa wengi sana hurudi salama. Yote ni kweli. Ndiyo maana siwaambii wasomaji wakatae upasuaji wala waikatae dawa. Ninachosema ni kwamba kinga ya ajali hii ni karatasi ya kubandika, kalamu, na sauti ya mtu anayesema anachomkabidhi mwenzake. Haihitaji mashine mpya.

Na hili si jambo la kuagiza kutoka ng'ambo. Shirika la Afya Duniani lilipobuni orodha ya ukaguzi ya upasuaji salama, ile ya maswali 19 yanayoulizwa kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka, liliijaribu katika hospitali za miji 8 ya dunia kati ya 2007 na 2008. Mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, Tanzania. Ifakara iliingia orodha moja na London, Toronto na Seattle. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalionyesha kwamba kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ilikuwa ni kusimama kidogo, kutajana majina na kuulizana. Orodha hiyo inauliza iwapo dawa za usingizi zimekaguliwa. Haitaji vikombe vya adrenalini, lakini hospitali zinaruhusiwa kuongeza yao. Wapasuaji wa pua waongeze mstari mmoja: adrenalini ya pamba iko wapi, ya sindano iko wapi, na nguvu ya kila moja ni ngapi.

Tunajua kinachotokea tukikosa kusimama. Machi 2018 Wakenya walisoma habari za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako kichwa cha mgonjwa kilifunguliwa kutafuta damu iliyoganda ambayo haikuwemo, kwa kuwa wagonjwa wawili walikuwa wamechanganywa. Taifa zima liliuliza nani afukuzwe. Wachache waliuliza ni hatua gani ya ukaguzi iliyorukwa, na kama hospitali nyingine hazirukwi na hatua hiyo hiyo. Mhudumu akijua kwamba kukiri ni kufukuzwa, atanyamaza, na kosa litangojea mgonjwa anayefuata.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo haya. Kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia hospitali zetu nyingi za umma tangu 2013, zitoe agizo la karatasi moja: hakuna dawa inayowekwa juu ya meza ya upasuaji bila jina na nguvu, na adrenalini kali isimiminwe kabisa kwenye kikombe kilicho karibu na sindano. Wako wapasuaji duniani wanaoitia rangi ile ya pamba ili isifanane na nyingine. Hilo nalo liangaliwe. Kipimo kiandikwe kwa miligramu ndani ya faili. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia upasuaji; inaweza kuitaka orodha ya ukaguzi iliyojazwa kabla ya kulipa, kama inavyotaka karatasi nyingine zote. Fomu ya idhini iwe na Kiswahili, na isainiwe kabla ya siku yenyewe. Na kaunti ya Busia na majirani zao wa Uganda, waliokwisha kukubaliana kuhusu malori, wakubaliane kuhusu kadi moja ndogo ya mgonjwa inayosomeka pande zote mbili.

Sisi nasi tuna kazi. Kabla ya upasuaji wowote, andika dawa zote unazotumia: za hospitali, za duka, za ng'ambo, za mitishamba, matone ya pua, miraa, muguka, sigara na vinginevyo. Kama kuna mtu unayemwonea haya, mwombe mhudumu mzungumze faragha. Ni haki yako. Wahudumu nao wasiulize maswali hayo mbele ya wakwe na majirani, wakategemea kupata ukweli. Muulize daktari wa pua: utatumia adrenalini? Ya nguvu gani? Vikombe vinaandikwa? Daktari mzuri hatachukia. Mafundisho yetu yanatutaka tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali, na kuuliza swali ni kamba.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Burumba. Pua ya shemeji imefunguka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alisikia harufu ya samaki wa kupaka kutoka jikoni. Vidonge vyake vimebadilishwa na daktari wa moyo. Miraa anasema ameacha, nimemwamini nusu. Ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho, ana karatasi iliyokunjwa mara nne yenye orodha ya kila kitu, na miraa imo, imeandikwa kwa wino mweusi. Mama aliiona mezani akaisoma yote kwa miwani yake. Tulikaa kimya tukingoja. Alipomaliza aliikunja, akamrudishia, akanigeukia: "Na mimi niandikie yangu."

Nikachukua kalamu. Mama akaanza kutaja, na mimi nikaandika. Zilifika dawa 6, na 2 kati yake sijawahi kuzisikia maishani mwangu.